Kwao Bushman wa Chupa ya Koka

Msomaji wangu, kama umekulia mjini usinidanganye, hii umeiona. Kama si kwenye deki ya nyumbani kwenu, basi kwa jirani, mmebanana sebuleni kama dagaa, mama mwenye nyumba anawafukuza na hamtoki. Na kama wewe ni wa juzi juzi, muulize baba au mjomba: "Ile ya Bushman na chupa unaikumbuka?" Utaona anavyoanza kucheka kabla hajakujibu.

Nazungumzia The Gods Must Be Crazy. Kuna jamaa mfupi, kiunoni kipande cha ngozi, yuko zake jangwani na familia yake, raha mustarehe. Mara rubani wa ndege ndogo anamaliza Koka yake, chupa anaitupa dirishani. Jamaa anaiokota, anajua ni zawadi ya miungu. Kumbe balaa! Chupa ni moja, wanaoitaka ni ukoo mzima, na kwa mara ya kwanza watu wanaanza kununiana na kutwangana. Basi jamaa anafunga safari akaitupe mwisho wa dunia. Huko njiani anakutana na mtaalamu wa wanyama ambaye akimwona mwanamke tu miguu inapishana, gari bovu lisilo na breki, na waasi wenye bunduki lakini hawana akili. Mbavu zako mwenyewe.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1980. Aliyeiandika, akaiongoza na kuitengeneza ni Mzungu wa Afrika Kusini, Jamie Uys, sasa marehemu. Jamaa wa chupa aliitwa N!xau, naye marehemu, na kwao ni Tsumkwe, kaskazini mashariki mwa Namibia. Kwa hiyo nilipopata safari ya shughuli zangu kwenda Windhoek, niliapa kabisa: sirudi Bongo bila kukanyaga kwao Bushman.

BARABARA HAINA KONA

Kutoka Windhoek hadi mji wa Grootfontein ni kama kilomita 450, lami tupu, na lami yenyewe unaweza kulalia shuka jeupe. Unapita Otjiwarongo, unapita Otavi, unakula nyama kavu ya mfukoni, unalala, unaamka, bado mashamba ya Wazungu na uzio. Nchi ni kubwa kuliko watu wake. Ukiwa umezoea daladala ya kusukumana, unaanza kujiuliza wenzetu hawa wamejificha wapi.

Baada ya Grootfontein mambo yanabadilika. Unafuata njia ya kwenda Rundu kama kilomita 55, halafu unakata kulia kuingia barabara ya changarawe inayoitwa C44. Kutoka hapo hadi Tsumkwe ni zaidi ya kilomita 200, na usiombe upate pancha. Barabara imenyooka kama rula. Vumbi likiinuka nyuma yako linakaa hewani utadhani nalo halina pa kwenda. Dereva wangu, mzee mmoja mpole, alikuwa na matairi mawili ya akiba na madumu ya maji. Nikamwambia, "Mzee, umebeba maji ya harusi?" Akanijibu bila kucheka, "Kijana, huku duka likifungwa limefungwa."

Njiani kuna geti. Mimi nikatoa pasipoti haraka haraka, nikijua ni uhamiaji. Dereva akaangua kicheko. Mpaka huo si wa watu, ni wa ng'ombe! Namibia ina uzio mrefu unaokata nchi vipande viwili ili ugonjwa wa miguu na midomo usishuke kwenye mashamba makubwa ya kusini. Ukirudi na nyama mbichi kutoka upande wa kaskazini, unaiacha hapo hapo. Kwa hiyo watu wa huku, hata ng'ombe wao wana mahali pa kuishia.

MWALIMU WA HESABU

Safari ndefu hufanya mtu awaze, na mimi nilikuwa namuwaza Jamie Uys. Maana huyu bwana hakuwa mtoto wa sinema. Alizaliwa Boksburg, karibu na Johannesburg, Mei 30, 1921, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa hesabu. Akaoa mwalimu mwenzake wa hesabu, Hettie, wakahamia porini kulima na kufungua maduka kandokando ya mto Palala. Akawa hata hakimu huko huko. Halafu akanunua kamera.

Mwaka 1951 akatoa filamu yake ya kwanza, Daar doer in die bosveld, kwa lugha ya Kiafrikana. Aliiandika mwenyewe, akaiongoza mwenyewe na akacheza mwenyewe. Tangu hapo hakusimama. Kazi yote aliyofanya ni filamu 24. Mwaka 1969 akatoa Dirkie, habari ya mtoto aliyepotea jangwani, na mtoto aliyecheza humo ni mwanawe wa kumzaa, Wynand. Mwaka 1974 akatoa ile ya wanyama, Animals Are Beautiful People, ambayo ilipata tuzo ya Golden Globe kama filamu bora ya kumbukumbu. Ndiyo ile ya tembo na nyani wanaolewa matunda ya marula na kuanza kuyumba kama walevi wa mwisho wa mwezi. Kama tembo kweli anaweza kulewa marula, wataalamu wamebishana miaka na miaka. Watazamaji hawakusubiri jibu, walicheka.

Mwaka 1976 akaja na Funny People: kamera inafichwa, mtu wa kawaida anachezewa mchezo, hajui kama anapigwa picha, na sinema nzima inamcheka. Hiyo iliuza sana Afrika Kusini.

Sasa ukiijumlisha kazi yake unaona mwalimu wa hesabu hakufa. Kichekesho cha Uys ni hesabu. Chukua ile Land Rover ya kwenye The Gods Must Be Crazy. Haina breki, na ukiizima haiwaki tena, kwa hiyo lazima itembee tu. Hapo anaweka geti mbele. Mtu inabidi aruke akafungue huku gari linakuja. Halafu anaweka geti jingine. Anaongeza kimoja kimoja, taratibu, mpaka unapoona gari limejivuta lenyewe kwa waya wake na kuning'inia juu ya mti, wewe huna nguvu tena ya kuuliza limefikaje. Filamu anaiharakisha kidogo watu watembee kama kuku aliyemwagiwa maji. Ni ujanja wa enzi za sinema bubu, lakini mtoto wa Tokyo na mtoto wa Temeke wanacheka mahali pale pale bila mkalimani.

Na walicheka kweli. Japani ilipofika huko mwaka 1982 ilikuwa moto wa kuotea mbali. Marekani iliingia mwaka 1984, na kwa wakati ule ikawa filamu ya kigeni iliyoingiza pesa nyingi kuliko nyingine zote zilizowahi kuonyeshwa kule. Mwalimu wa hesabu wa Boksburg, bwana!

TSUMKWE YENYEWE

Tulifika jioni. Usitegemee mji. Ni njia panda. Kuna kituo cha polisi, shule, zahanati, duka, nyumba ya wageni, mnara wa simu, na vijana wamekaa kivulini na simu zao kama vijana wa popote pale. Mmoja alikuwa amevaa jezi ya Chelsea. Nikajua niko duniani.

Wenyewe wanajiita Ju/'hoansi, maana yake watu wa kweli. Bushman ni jina walilobandikwa na Wazungu, watu wa porini, na wapo wasiolipenda hata kidogo. Ile alama ya mshangao kwenye jina la N!xau si kosa la mchapaji, ni mlio wa ulimi unaopasuka kinywani kama kizibo cha chupa kinapofumuka. Nilijaribu kulitamka mbele ya kijana aliyenitembeza. Nikajaribu tena. Kina mama watatu waliokuwa karibu wakacheka mpaka mmoja akashika magoti, wakamwita na wa nne aje kusikia. Haya, siku hiyo kichekesho nilikuwa mimi, tena bila malipo.

Kijana huyo nikamuuliza kuhusu chupa. Akaninyooshea kidole dukani, kwenye friji ya soda. "Kaka, miungu ya siku hizi inauza baridi." Nikacheka. Lakini baadaye akaniuliza swali ambalo halikunichekesha: "Kwenu mlidhani tunaishi hivyo kweli?"

Ndiyo, tulidhani. Sauti ya msimulizi kwenye filamu inasema hawa watu hawajui fedha, hawajui polisi, hawajui kugombana, na dunia nyingine hawajapata kuiona. Ukweli wa Tsumkwe ulikuwa mwingine kabisa. Serikali ya Makaburu ilianza kuwakusanya watu hapa tangu mwaka 1960, na eneo kubwa walilokuwa wakiwinda likachukuliwa kidogo kidogo. Wakati Uys anapiga picha zake, watu walikuwa wamerundikana, wanakula unga wa mgawo, na kifua kikuu kinawamaliza. Mwaka 1978 jeshi la Afrika Kusini lilikuja kuwaandikisha vijana wao, mshahara mnono, wakapigane na SWAPO.

Hapo sisi Watanzania tusimame kidogo. SWAPO ni hao hao waliokuwa na ofisi Dar es Salaam, na wapiganaji wao wakapewa kambi Kongwa, Dodoma, miaka ya 1960. Sasa kumbuka waasi wa kwenye filamu, kundi la Sam Boga, wanaogombana shambani kwenye migomba na mwisho wanalazwa usingizi kwa vishale vya dawa. Filamu imetengenezwa na mtu wa nchi iliyokuwa vitani na wapigania uhuru, na ndani yake watu weusi wenye bunduki ni wapumbavu watupu, na Bushman mwema anamsaidia Mzungu kuwadhibiti. Mzee wako aliyechangia ukombozi alicheka pale. Mimi nilicheka. Ndiyo nguvu ya kichekesho kilichopigiwa hesabu vizuri: kinapita kabla hujakiuliza kinatoka wapi. Hata kwenye makaratasi filamu ilitambulishwa kama ya Botswana, wakati dunia ilikuwa inasusa vitu vya Makaburu.

Bahati nzuri palikuwa na kamera ya pili. Mmarekani John Marshall, aliyekuwa akiwajua watu hawa tangu miaka ya 1950 akiwa kijana, alitoa filamu ya kumbukumbu mwaka huo huo 1980 kuhusu maisha ya mwanamke mmoja wa hapa, N!ai. Humo ndani unawaona watu wa Uys wakiwa kazini Tsumkwe: mtu anapangwa, anaambiwa arudie, arudie tena, mpaka "maisha ya asili" yatoke vizuri. Na unaona watu wakigombana. Si kwa sababu ya chupa. Ni kwa sababu ya hela aliyolipwa N!ai ambayo wengine hawakuipata. Zawadi iliyodondoka kutoka juu na kuleta ugomvi ilikuwepo kweli, ila haikuwa chupa, ilikuwa sinema yenyewe.

HELA ZILIZOPEPERUKA

Hadithi iliyotembea dunia nzima ni kwamba N!xau alipopewa malipo yake ya kwanza hakujua noti ni nini, akaziachia zikapeperushwa na upepo. Tamu, eh? Inafaa kabisa kwenye filamu. Malipo yenyewe kwa habari zilizoandikwa yalikuwa dola mia chache tu, kwa filamu iliyoingiza mamilioni.

Sasa sikiliza. Filamu ya pili ilipokuja, ile iliyotoka mwaka 1989, jamaa huyo huyo "asiyejua hela" alidai, na iliripotiwa kwamba alilipwa dola laki kadhaa. Alitaka nyumba ya matofali ya saruji, yenye umeme na pampu ya maji. Ulishamwona mtu asiyejua hela akiomba pampu ya maji? Huyo alijua anachokitaka kuliko mimi na wewe tunaopokea mshahara tarehe 30 na kuomba mkopo tarehe 5.

Baadaye Wachina wa Hong Kong nao walimfuata, akacheza Crazy Safari mwaka 1991 na nyingine mbili baada yake. Alipomaliza alirudi nyumbani, akalima mahindi, maboga na maharage, akafuga. Alifariki Julai 2003, akiwa na miaka kama 59 hivi, maana tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote. Alikuwa amesumbuliwa na kifua kikuu, ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwamaliza watu wa Tsumkwe kamera zilipofika. Uys alikuwa ameshatangulia, Januari 29, 1996, Johannesburg.

Uys alizoea kusema yeye hana siasa, kazi yake ni kuchekesha. Na mimi sikuenda Tsumkwe kumhukumu marehemu. Bwana yule alikuwa fundi, hilo hata adui yake hakatai. Angalia pia kwamba kwenye filamu yake Wazungu wa mjini ndio wanaochekwa mwanzoni, wanaoendesha gari mita chache kwenda kuweka barua kwenye sanduku. Alijua kucheka na watu wake. Lakini wao waliingia kwenye utani wakiwa wanajua ni utani. Watu wa Tsumkwe aliwapiga picha kama wale wa Funny People, kamera ya kificho, tofauti ni kwamba safari hii kilichofichwa ni maisha yao wenyewe. Hapo ndipo hesabu yake ilipobaki na deni.

GRASHOEK: TIKETI WANAKATA WENYEWE

Wakati wa kurudi tulisimama Grashoek, kijiji kilicho kando kidogo ya barabara hiyo hiyo. Tangu mwaka 2004 wana kitu wanakiita makumbusho hai. Unalipa, unapokewa na wanaume na wanawake waliovaa ngozi, wanakupeleka porini. Wanakuonyesha mzizi wa kuchimba ukiwa na kiu, namna ya kutega ndege, namna ya kuwasha moto kwa vijiti viwili. Mzee mmoja alinipa vile vijiti. Nikasugua, nikasugua, jasho likanitoka, moshi hakuna. Akavichukua, sekunde chache moto huo hapo, akanitazama kwa jicho la huruma. Watu wote wakacheka, na yeye alijua kabisa wapi pa kusubiri kabla ya kunitazama. Uys angempenda.

Onyesho lilipokwisha wakaenda nyuma ya miti, wakarudi na jinzi na fulana. Mzee wa moto alikuwa amevaa kofia ya kapelo na viatu vya raba. Nikamuuliza kupitia mkalimani, je, haoni tabu kuvaa ngozi kwa ajili ya wageni wakati siku hizi havai? Akajibu kwamba babu yake alivaa, yeye anajua kila kitu alichonionyesha, na bei wamepanga wenyewe. Kisha akauliza kama kwetu watu wanaocheza ngoma za asili hotelini wanalala na zile nguo. Nikanyamaza.

Hiyo ndiyo tofauti, wapenzi wasomaji. Ngozi ni ile ile, kicheko ni kile kile, hata mgeni anashangaa vile vile. Ila aliyeandika hadithi yuko palepale, anahesabu mapato jioni, na kesho anaweza kuibadilisha. Na si Grashoek tu. Kule Tsumkwe, tangu mwaka 1998 wana hifadhi yao ya jamii ya Nyae Nyae, ya kwanza ya namna hiyo kuandikishwa Namibia, kama kilomita za mraba 9,000, na ndani yake wanaruhusiwa kuwinda kwa upinde wao. Kumbuka kwenye filamu jamaa alipiga mbuzi mshale akafungwa jela, na sisi tukacheka kwamba hajui mali ya mtu. Nchi ilikuwa mali ya nani kwanza, hakuna aliyeuliza sebuleni.

Nikikuta inaonyeshwa tena nitaikalia, sikufichi. Land Rover ikipanda mtini nitacheka, siwezi kujizuia. Lakini msimulizi akianza kusema hawa watu hawajui fedha, nitakumbuka pampu ya maji.

UKITAKA KWENDA: Ndege kutoka Dar mpaka Johannesburg, unabadilisha hadi Windhoek. Kodi gari lenye magurudumu ya juu na lenye breki tafadhali. Jaza tangi Grootfontein. Beba maji, beba tairi la akiba, fedha ya nchi mkononi. Kwa Ju/'hoansi usipige mtu picha kabla hujamuuliza, na akitaja bei usimwambie wewe unajua hawajui hela.

Kwaherini, tukutane wiki ijayo.